Mwiko wa Namba Moja

Sogeeni. Anayetaka kusinzia asinzie sasa hivi, maana nikifika mwisho nitamwamsha nimuulize swali, na sitapokea jibu la mtu aliyelala. Hadithi yangu haina mkia. Mkia mtauweka ninyi. Nimeisimulia kwenye vikao vya harusi, kwenye misiba, hata kwenye foleni ya hospitali, na kila mara watu wameondoka wamenuniana. Sijali. Mimi mwenyewe nilinuna miaka.

Palikuwa na wasichana watatu katika Sekondari ya Ngudumbi, wote kidato cha nne, wote wachezaji wa mpira wa kikapu, na wote namba moja. Kwa asiyeujua mchezo, namba moja ndiye anayeupokea mpira kwanza na kuamua uende kwa nani. Wenzake wanne wanamtazama yeye. Hasifiwi kwa kufunga, anasifiwa kwa kugawa. Uwanjani namba moja huwa mmoja tu, na sisi tulikuwa nao watatu.

Milembe alikuwa na macho. Alikuwa akikutazama unavyoingia darasani anajua umekunywa uji au hukunywa. Uwanjani aliona nafasi kabla haijafunguka, na mpira wake ulikukuta mahali ambapo wewe mwenyewe hukujua kwamba unakwenda.

Kabula alikuwa na mikono. Mpira ukishaingia mikononi mwake, umeingia kwake. Tulikuwa tukimfanyia mazoezi watu wanne kumnyang'anya, tunaambulia mikwaruzo. Hakuwa na maneno mengi wala mbwembwe. Alidundisha mpira kama mtu anayetwanga mahindi ya watu wengine, bila haraka na bila kumwaga punje.

Sundi alikuwa na mdomo. Msicheke. Namba moja asiye na mdomo ni sawa na refa asiye na filimbi. Sundi aliweza kumwambia mchezaji mbovu neno moja akacheza vizuri, na aliweza kumwambia mchezaji mzuri wa timu nyingine neno moja akasahau kwao ni wapi.

Na mimi nilikuwepo. Naitwa Holo, jezi namba kumi na nne. Mpira ulikuwa ukinitoroka mikononi kama sabuni ya kuogea. Nawaambia mapema ili msije mkauliza baadaye kwa nini hakuna aliyefikiria kunichagua mimi.

Sasa sikilizeni habari ya mwiko, kwa sababu bila mwiko hamtaelewa kitu.

Mwalimu wetu wa michezo, Mwalimu Magesa, alikuwa na utaratibu wake ambao sijauona shule nyingine. Baada ya mazoezi, timu ilipikiwa sufuria yake peke yake, ugali na dagaa, na siku hiyo aliyecheza namba moja ndiye aliyeshika mwiko na kutupakulia. Alituambia kwamba uwanjani kila mtu anajua anatazamwa, anajitengeneza. Jikoni mtu anajisahau. Kwa hiyo alikuwa akivuta kiti chake karibu na mafiga, anatutazama tunavyopakuliwa, anaandika kwenye daftari.

Sharti lilikuwa moja. Anayeshika mwiko hajipakulii. Anawagawia wote mpaka sufuria inakwisha, halafu anakula ukoko. Ule wa chini kabisa, ulioshika, unaobanduliwa kwa kijiko. Ukijipakulia hata tonge moja, hushiki mwiko tena, na usiposhika mwiko huchezi namba moja. Tulikuwa tukitaniana kwamba ule ni mwiko wa mti na mwiko wa kukatazwa kwa wakati mmoja. Miaka minne sikumwona hata mmoja wao akiuvunja.

Kila mmoja alipakua kwa namna yake. Milembe aliwapa wengi waliotoka jasho jingi na kidogo waliotegea, na hakukosea hata siku moja. Siku yake ya mwiko mimi nilikuwa nalala na njaa. Kabula alipakua sawasawa, kila sahani bonge moja, na kama ungekuwa na mizani ungeaibika kuitumia. Sundi alitupa vipande vidogo vidogo, lakini kila aliyepokea aliambiwa neno lake sikioni, akaondoka akiamini amependelewa. Mwalimu aliandika, akafuta, akaandika. Miaka minne alishindwa kusema nani ni namba moja wa kweli, akawa anawazungusha kwa zamu.

Watatu hao walikuwa marafiki. Siyo marafiki wa kusalimiana. Bwenini walisogeza vitanda vikawa kitanda kimoja, walibadilishana sketi, na ukimgusa mmoja umewagusa wote. Nililala kitanda cha pili kutoka kwao na niliwaonea wivu mpaka nikaona aibu.

Mwaka wa mwisho tukaingia fainali ya mkoa, na fainali ikapangwa kuchezwa kwetu, dhidi ya wasichana wa Kasaluka. Siku hiyo akaja mgeni, Madam Domitila. Alitoka shule ya mbali yenye kidato cha tano na cha sita na uwanja wa sakafu ya mbao, shule ambayo ikikuchukua inakusomesha mpaka chuo na kukuvika mpaka viatu. Alikuja kutafuta mtu mmoja, namba moja. Alituonyesha fomu kabla ya mechi. Palikuwa na mstari mmoja mtupu wa kuandika jina. Mmoja.

Msiniulize nani kati yao kwao kulikuwa na shida zaidi. Hilo ndilo swali la kwanza la kila kikao, na ni swali la kukwepa. Kwao wote hapakuwa na kitu. Asiyepata ile fomu alikuwa amemaliza shule siku ile, na wote watatu walilijua hilo. Kama unatafuta yatima ili umpe fomu upate usingizi, hapa hayupo.

Mechi ilianza saa tisa alasiri, jua limewaka, na sisi hatujala tangu asubuhi kwa sababu Mwalimu alitaka tule baada ya ushindi. Alipanga Milembe achezeshe kipindi cha kwanza chote, Kabula achezeshe robo ya tatu, Sundi amalizie robo ya nne. Wakati mmoja yuko uwanjani, wawili walikaa benchi.

Kasaluka walikuwa na msichana mmoja mrefu anaitwa Nyamizi. Alisimama chini ya kikapu na kila tulichorusha alikipangusa kama vumbi. Kabla hatujatulia tulikuwa nyuma kwa pointi kumi na moja. Goti lake la kushoto lilifungwa bandeji nene, nyeupe, na wenzetu walijaribu kumpitia upande huo. Wakagonga ukuta.

Milembe akatazama. Akaona kwamba Nyamizi anarukia mguu wa kushoto, ule wenye bandeji, na anatua kwa mguu huo huo. Mguu wa kulia aliuweka chini polepole, kama mtu anayekanyaga bati la moto. Bandeji ilikuwa ya kudanganya. Goti bovu lilikuwa la kulia.

Kuanzia hapo kila mpira wa Milembe ulikwenda kulia kwa Nyamizi. Kila pasi ilimlazimisha ageuke kwa goti lile. Ageuke, aruke, ageuke tena. Sisi tulikuwa tunafunga na kushangilia, hatukujua tunachofanya. Yeye alijua. Mara ya tisa au ya kumi goti likalia. Nililisikia, nilikuwa karibu. Nyamizi alianguka akamwita mama yake, akabebwa kwenye machela hadi kwenye gari. Leo hii ni mama mtu mzima, na akishuka ngazi anashuka kinyumenyume, ameshika ukuta. Tulikwenda mapumziko tukiwa nyuma kwa pointi tatu tu.

Wakati wa mapumziko Milembe alikwenda nyuma ya tangi la maji kutapika. Sundi alimfuata. Milembe akamwambia yeye peke yake kwamba alimlenga makusudi, tangu pasi ya pili. Sundi akamshikilia kichwa, akampa maji, akamwambia anywe na anyamaze.

Robo ya tatu akaingia Kabula, na Kasaluka waliingia na hasira ya mwenzao. Hawakutaka mpira, walitaka mikono. Watatu walimzunguka kila alipopokea. Dakika ya pili mmoja alimpiga kiganja kwa kiwiko, na kidole cha kati cha mkono wa kulia kikapinda upande ambao kidole hakipindi. Refa hakuona. Kabula alikificha ndani ya ngumi.

Kasaluka walipoomba mapumziko mafupi, Kabula alipiga magoti mbele ya benchi kana kwamba anafunga kamba za viatu. Akamwonyesha Milembe peke yake. Alijua Mwalimu akikiona kile kidole atamtoa, na Madam Domitila atakuwa amemwona kwa dakika mbili tu. Milembe alichana ukingo wa leso yake, akakifunga kidole na cha jirani yake kwa nguvu, na hakumwambia mtu.

Dakika nane zilizobaki Kabula alichezesha kwa mkono wa kushoto. Hakupoteza mpira hata mmoja. Hebu rudini mlisikie hilo. Watu watatu, mkono mmoja, dakika nane, na hakupoteza hata mmoja. Kila mara walipomgonga, uso wake ulibaki vilevile, ila jasho lilibadilika likawa la baridi, nililiona nilipopita. Tuliingia tukiwa nyuma kwa tatu, tukatoka tukiwa nyuma kwa moja. Kile kidole hakikunyooka tena. Hadi leo akisalimiana na mtu anatoa mkono wa kushoto, na watu wasiomjua wanadhani hana adabu.

Robo ya nne ilikuwa ya Sundi. Alituongoza kwa mdomo mpaka sauti ikakauka. Mimi niliingizwa kwa sababu wenzangu wawili walikuwa wamemaliza fauli zao, na kila nilipougusa mpira watu waliguna. Zikabaki sekunde tisa, bado tuko nyuma kwa moja, mpira wetu. Mwalimu akaomba mapumziko.

Tulikuwa na tatizo. Mipango yetu yote ilikuwa na majina ya jikoni, ugali maana yake hivi, dagaa maana yake vile, na Kasaluka walikuwa wameshayang'amua yote. Sundi hakuonekana kuwa na wasiwasi. Aliinama pale Kabula alipokaa mkono umezama kwenye ndoo ya maji, akamnong'oneza yeye peke yake.

Uwanjani aliyemkaba Sundi alikuwa Ngolo, mdogo wake Nyamizi. Mpira ulipoingia, Sundi alipaza sauti, "Ukoko." Mpango wa jina hilo haukuwepo, lakini sisi tuliokula pale jikoni miaka minne tulielewa wote papo hapo. Ukoko ni wa mwenye mwiko. Tumwachie, tuondoke njiani. Tukaondoka.

Halafu Sundi akamsogelea Ngolo, akamwambia kwa sauti ndogo, kwa upole kabisa, kama mtu anayetoa pole.

"Dada yako amekata roho njiani. Pole, mdogo wangu."

Ngolo aliishusha mikono. Alisimama tu, mdomo wazi, na Sundi akapita pembeni yake kama anavyopita mtu kwenye mlango uliofunguliwa. Wawili wakamkimbilia. Chini ya kikapu nilibaki mimi peke yangu, kwa sababu hakuna aliyeona sababu ya kunikaba. Sundi akanipa mpira taratibu, mikononi, kama anayempa mtoto yai. Sikuwa na namna ya kukosa. Tukashinda kwa pointi moja.

Ngolo hakusubiri filimbi. Alikimbia peku kuelekea hospitali akilia, na alipopita sokoni watu wakamuuliza, akawaambia. Habari ikafika kwao kabla yake. Mpaka Nyamizi anarudishwa nyumbani na mguu wake uliofungwa, uani kwao walikuwa wameshatandika mikeka ya msiba, na mama yao alikuwa amezimia mara mbili.

Sisi tulikuwa tunaimba.

Mpishi alikuwa ametupikia pilau siku ile, sufuria kubwa, nyama juu. Tulikaa tumeizunguka na kombe liko katikati. Madam Domitila akaja na fomu yake, akamwomba Mwalimu jina. Mwalimu akafungua daftari, akalifunga. Akasema kwa haki ya Mungu hawezi. Kama Milembe asingemwondoa Nyamizi, tungefungwa kwa aibu. Kama Kabula asingeushika mpira, pengo lisingepungua. Kama Sundi asingepita, pointi moja ile tungeililia mpaka leo. Ukimtoa mmoja, kombe halipo.

Madam Domitila alikuwa mwanamke mpole wa sauti, na nimejifunza tangu siku ile kuwaogopa watu wapole wa sauti. Akasema watachagua wenyewe. Akawasimamisha watatu mbele ya sufuria.

"Sitaki mniambie nani aende," akasema. "Kila mtu atajitaja. Niambieni nani asiende, na kwa nini. Mwenye sababu ya kweli nitamsikiliza. Anayenyamaza nitajua hakuitaka nafasi hii."

Nilifikiri watakataa. Nilikuwa na uhakika. Nilifikiri watashikana mikono waseme bwana we, kaa na fomu yako. Motoni pilau lilikuwa bado likichemka.

Milembe ndiye aliyeanza. Alisema Kabula asiende. Alisema Kabula alivunjika kidole dakika ya pili akakificha, akamwomba yeye amfunge, akaiweka timu nzima kwenye mkono mmoja ili yeye aonekane. Kwamba namba moja anayeficha ugonjwa kwa tamaa ya fomu, siku moja atawafungisha watu. Alipomaliza, aliutazama ule ukanda wa leso yake kwenye vidole vya mwenzake kana kwamba ndio kwanza anauona.

Kabula hakujitetea. Aligeuka akamtaja Sundi. Kwa maneno machache, kama kawaida yake, alisema Sundi amemtangazia mtu kifo cha dada yake ili apite, na kwamba neno lile lilikuwa limepangwa, halikuteleza. Alijua kwa sababu aliambiwa kabla.

Sundi, mwenye mdomo, ndiye pekee aliyelia. Lakini alisema. Alisema Milembe amelivunja goti la msichana kwa makusudi, pasi moja baada ya nyingine, akihesabu, na kwamba mwenyewe alikiri nyuma ya tangi huku akitapika, na yeye Sundi akimpa maji.

Hapo ndipo sisi wengine tulipojua tumeshinda kwa nini. Na nilichoona mimi, wengine wakikiona baadaye, ni hiki. Kila mmoja alikuwa amemwambia siri yake mtu mmoja tu duniani, aliyemwamini, na huyo ndiye aliyemtaja.

Madam Domitila aliandika yote. Kisha akauliza swali ambalo naamini alilipanga tangu mwanzo.

"Na ninyi mliojua mkanyamaza? Wewe uliyemfunga kidole. Wewe uliyempa maji. Wewe uliyeambiwa kabla. Ulimwambia nini?"

Hilo la mwisho alimuuliza Kabula. Kabula akajibu.

"Nilimwambia aseme taratibu, refa asisikie."

Basi wote watatu wakawa wamefutwa, na kila aliyefuta amejifuta. Mstari wa fomu ukabaki mtupu vilevile. Mwalimu Magesa alikuwa ameinamisha kichwa, na nilimwona amezeeka. Nadhani alifanya alichofanya kwa sababu hakuwa na kingine anachokijua. Aliuchukua mwiko, akauweka juu ya mfuniko wa sufuria.

Akawaambia timu ina njaa tangu asubuhi. Mmoja wenu apakue. Sharti ni lilelile. Hakuongeza neno, lakini kila mtu pale alilielewa. Anayeshika mwiko hajipakulii. Atakayeushika mbele ya fomu ile anasema ninawagawia wenzangu, mimi nabaki na ukoko. Amejitoa.

Na hapo hapo, kwa wale wenye akili, na wote watatu walikuwa na akili, kulikuwa na kitu kingine. Atakayejitoa ndiye atakayekuwa ameonyesha moyo wa namba moja. Na Madam Domitila yuko pale, kalamu mkononi, anatazama.

Mikono mitatu ikaenda kwa pamoja.

Nawaapia, kwa pamoja. Sikuona wa kwanza wala wa mwisho, na mimi nilikuwa nimekaa mbele kabisa, macho kwenye ule mwiko. Mkono wa Milembe, mkono wa kushoto wa Kabula, mkono wa Sundi uliolowa machozi. Wakaushika mwiko mmoja, na hakuna aliyeachia. Hawakutazamana. Moto ulikuwa bado unawaka chini na hakuna aliyekumbuka kuupunguza. Tulianza kusikia harufu, kwanza ndogo, halafu kubwa. Wachezaji kumi na wawili wenye njaa tulikaa tukinusa pilau letu likiungua, mpaka sufuria nzima ikawa ukoko.

Je, ilikuwa ni majuto? Ilikuwa ni mapenzi yaliyobaki, kila mmoja akitaka kuwapa wenzake? Au ilikuwa ni namba moja watatu, ambao hata pale waliona nafasi kabla haijafunguka? Nimewauliza wote watatu kwa nyakati tofauti, tukiwa watu wazima. Wote wamenijibu jibu moja, kwamba mkono wao uliushika mwiko kwa nia njema, na wa wenzao kwa hila.

Mwalimu Magesa aliichukua kalamu akaandika jina. Mmoja wao alisoma, alicheza kwenye sakafu ya mbao, ana nyumba yenye geti. Wawili hawakusoma. Vitanda vilitenganishwa asubuhi ya pili yake, kila mmoja akavuta chake, na hawajawahi kuzungumza tena. Mmoja alipofiwa na mtoto, wawili waliposikia, hawakwenda.

Jina silisemi. Mnaweza kuninunia.

Mtu mmoja aliniambia fomu ilikuwa haki ya Milembe, kwa sababu namba moja ni macho, na aliyoyaona hakuna mwingine angeyaona. Mkewe akamwambia aende akamweleze Nyamizi hayo, amsubiri anaposhuka ngazi. Mwingine akasema Kabula, kwa kuwa aliumia yeye, hakuumiza mtu. Akajibiwa kwamba aliyemwambia mwenzake aseme taratibu amewaumiza wote. Bibi mmoja kwenye foleni ya hospitali akasema Sundi, maana wenzake walipigania fomu na yeye peke yake ndiye aliyelia. Wakamcheka, wakamwambia mdomo wa Sundi umempata na yeye.

Na mara moja, mara moja tu, msichana mdogo aliniuliza mbona mimi niliyefunga kikapu hakuna aliyeniuliza kitu. Nilimjibu kwamba mimi nilipakuliwa. Nilikula nilichopewa, nikaimba, sikuuliza kimetoka wapi.

Haya. Sasa ni zamu yenu. Fomu ni moja, mstari ni mmoja, na wako watatu mbele yako wana njaa. Aliyeona, aliyeshika, na aliyesema. Kila mmoja bila yeye kombe halipo, na kila mmoja ana mtu aliyemsaliti. Wewe mwenye haki, wewe uliyekuwa ukitikisa kichwa tangu nilipoanza, ungeandika jina la nani? Na wale wawili, ungewaambia nini, ukiwatazama usoni?

Mwiko huu hapa, ushike. Ila kumbuka sharti letu, anayepakua anakula nini.